Sindano ya Siku ya Maombi

Familia ya Verhoek haijahama kanisa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililosemwa kwanza, tena na watu waliokaa nyuma yetu ibadani miaka yote hii wakitazama visogo vyetu. Wangeweza kuja kuniuliza. Mlango wangu una kengele na inafanya kazi. Hakuna aliyeibonyeza. Waliulizana wao kwa wao kwenye foleni ya duka la mikate, na kufikia Jumamosi habari ilikuwa imenirudia ikiwa imenenepa: kwamba mimi, mjane wa Krijn Verhoek, niliyewafundisha historia nusu ya watu wa kijiji hiki, nilimchukua wifi yangu mgonjwa Siku ya Maombi nikampeleka kusali kwa wale waliojitenga nasi.

Sikumpeleka huko. Mahali nilipompeleka nitapataja hapa, mara moja, kwa maandishi, ili anayetaka kurudia arudie kilicho sahihi.

Wifi yangu anaitwa Merrigje. Ni dada mdogo wa marehemu mume wangu, wa mwisho katika nyumba ile ya watoto wengi, na tangu alipoacha shule hajafanya kazi nyingine ila kupanga mayai. Mayai hupita mbele yake juu ya taa, na yeye huyatoa yenye ufa na yale yenye doa la damu ndani. Huongea na mayai. Nimewahi kumsikia akiliambia yai moja, "Wewe nilikujua tangu ulipotokea pale." Kanisani ndiye anayeanza kugawa peremende kabla mchungaji hajamaliza sehemu ya kwanza ya mahubiri, jambo ambalo mume wangu alimkemea kwalo hadi anakufa. Mumewe ni Huibert van Ginkel, dereva wa lori la mayai, ambaye alikuwa akienda Ujerumani kila wiki. Wana watoto watatu wa kiume, wote wameoa.

Huyo ndiye mtu mwenyewe. Hana makuu. Ila lipo jambo moja ambalo lazima lieleweke. Kwetu si kila anayekaa kanisani hukaribia Meza ya Bwana. Wengi hubaki kwenye viti vyao hadi kufa, wakingoja hakika ya ndani ambayo haiji. Wake wa wazee wa kanisa wamo humo. Merrigje, mwaka uliofuata kifo cha kaka yake, alisimama Jumapili moja na koti lake la kila siku akaenda mezani. Alilia njia nzima, akarudi akiwa ametulia. Baraza la wazee lilimhoji likaridhika. Lakini wapo wanawake ambao hawakuridhika, na tangu siku ile nilijua kwamba ikitokea sababu yoyote ya kumrudisha kitini, watakuwa wa kwanza kuiokota.

Sababu ilitokea. Alianza kutokwa damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Wito wa serikali wa kwenda kupimwa mlango wa kizazi alikuwa hauitiki, kama wengi wetu wasivyouitika. Kutafuta ugonjwa ndani ya mwili usiolalamika huonekana kwetu kama kumchungulia Mungu mfukoni. Sasa mwili ulilalamika, akaenda, na kufikia majira ya baridi tulikuwa tumekaa kwenye hospitali ya mji wenye chuo kikuu, yeye na mimi, kwa kuwa Huibert alikuwa njiani, mbele ya daktari wa kike aitwaye Roelofsen.

Nilimshuku daktari yule tangu mwanzo kwa sababu alikuwa mpole mno. Alivaa viatu vyenye matope ya baiskeli na alimtazama Merrigje wakati wa kuzungumza, si mimi, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza maswali. Alisema saratani ya mlango wa kizazi imekwisha kutoka pale ilipoanzia na kufika kwenye tezi, na kwamba kisu hakitasaidia.

"Tiba ya kawaida ni dripu ya kemikali," alisema. "Hiyo utaipata kwa vyovyote. Kipo kitu cha pili, na hicho una haki ya kukikataa."

"Kitu gani?" niliuliza.

"Chanjo."

Daktari hakuwa mtu wa kwetu, lakini alikuwa amefanya kazi mkoa huu muda wa kutosha kujua alichokisema. Kwetu hatuchanji. Si kwamba hatujui kusoma. Tunashika kwamba mzima hapaswi kujikinga na kile ambacho Mungu bado hajakileta. Akiugua, atatibiwa, na atashukuru. Watoto wangu mwenyewe sikuwachanja, na Krijn alizikwa bila alama ya sindano hiyo mkononi.

"Chanjo ni ya kukinga," nilimwambia. "Huyu amekwisha kuugua. Unakinga nini?"

"Hii haikingi," alisema. "Ile wanayopewa wasichana ndiyo inayokinga. Hii mzima haimfai kitu. Saratani hii inaletwa na kirusi, na seli zilizoharibika zimebeba alama ya kirusi hicho. Mwili wake una askari, ila hawazitambui. Chanjo inawaonyesha alama. Peke yake haitoshi, tumeshaona. Kwa hiyo tunaiunganisha na dripu. Dripu inaupunguza uvimbe, na inapunguza pia zile chembe za damu zinazowafunga mikono hao askari. Katika kipindi hicho kifupi ndipo tunachoma."

"Kama mimi na mayai," Merrigje alisema.

"Mayai?"

"Yenye doa. Mtu akianza kazi hayaoni. Anaonyeshwa mawili matatu, halafu anayaona maisha yake yote."

Daktari alitabasamu. Mimi sikutabasamu. "Imeponya wangapi?" niliuliza.

"Hatujui bado kama inaponya. Ndiyo maana ni jaribio."

"Kwa hiyo mnamtafuta mtu wa kujaribia."

"Ndiyo," alisema, bila hata kuona haya. "Ila dripu yake haitapungua tone akikataa, na haitaongezeka tone akikubali. Labda atafaidika yeye. Labda mwanamke atakayekaa kiti hicho baadaye."

Daktari anayesema hajui, ama ni mkweli sana ama ameandaliwa vizuri. Nilikuwa nalipima hilo wakati Merrigje alipouliza swali ambalo nilikuwa naomba asiulize.

"Hicho kirusi kinapatikanaje?"

"Kwa kulala na mtu," daktari alisema. "Karibu kila mtu hukipata wakati fulani, na wengi mwili hukifukuza wasijue. Kwa wachache kinabaki. Kinaweza kukaa kimya miaka ishirini, thelathini. Hakuna kipimo cha kujua kilitoka kwa nani wala lini."

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa ameshika kifungo cha koti lake akikizungusha.

Tulikuwa tumekwisha kuingia barabara kuu aliponiambia, "Wifi, umenyamaza."

"Naendesha."

"Siku zote unaendesha na hunyamazi. Unahesabu watu."

"Simhesabu mtu."

"Unahesabu. Mimi pia nimehesabu, nimemaliza kabla hatujatoka kwenye maegesho. Tuache."

Tuliacha. Yaani yeye aliacha.

Huibert aliporudi kutoka Ujerumani na kusikia, alisema maneno mawili tu juu ya chanjo. "Kama kuku?" Juu ya kirusi hakusema hata moja. Alikwenda nje kuosha lori ambalo lilikuwa safi. Nililiona hilo nikiwa dirishani kwao, na nimeliweka mahali pake.

Merrigje alikubali vyote viwili, dripu na sindano. Nilimwuliza kama amefikiri juu ya Meza. Akasema, "Nimefikiri. Sitaki kuchagua. Nataka kupona na nataka kwenda mezani." Nilimwambia kwamba basi lazima tufunge midomo, na hilo alikubali pia, kwa shida, maana mdomo wake haukuzoea kufungwa.

Kwa hiyo kijiji kiliambiwa kwamba ana ugonjwa wa kike na anapata dripu. Hiyo ilikuwa kweli. Dripu ilikuwa siku za Jumatatu, na kila Jumanne wanawake wa kanisa walileta supu ya njegere, kila mmoja akiingia jikoni na macho yake. Neeltje, jirani yao wa mkono wa kulia, alijua ratiba ya dripu kuliko Merrigje mwenyewe. Ni mwanamke anayefuta dirisha lake la mbele kila gari linapopita. Sisemi ana nia mbaya. Nasema dirisha lake ni safi sana.

Ndiyo maana siku ya sindano ya kwanza ilitutia mashakani. Ilipaswa kuchomwa kama wiki mbili baada ya dripu ya pili, wakati damu imefika pale wanapopataka, na walipopima na kuhesabu ikaangukia Jumatano ya pili ya Machi. Hiyo ni Siku ya Maombi, tunapoombea mazao na kazi. Shule hufungwa, mabanda husimama, kijiji kizima huwa kanisani. Nilimpigia simu daktari Roelofsen kumwomba asogeze.

"Siwezi, Mama Verhoek. Nikisogeza, nafasi inapita."

"Mungu ndiye anayejua nafasi."

"Sawa. Na maabara wanaijua hii."

Nilikata simu nikafikiri. Tukiondoka Jumatano kwa gari, Neeltje atajua kwamba si siku ya dripu, na atataka kujua ni ya nini. Tusingeweza kujificha, kwa sababu saa tutakayotoka ndiyo saa ambayo watu wote watakuwa barabarani wakitembea kwenda ibadani. Niliamua kwamba tutavaa makoti meusi na kofia za kanisani. Mtu mwenye kofia ya kanisani Siku ya Maombi haulizwi anakwenda wapi. Huibert atakwenda kanisani kwa miguu, akae mahali pake, na akiulizwa aseme Merrigje yuko pamoja nami. Ulikuwa mpango wa busara, na ungefanya kazi katika kijiji cha watu wenye akili timamu.

Tulikutana nao wote. Barabara ilikuwa nyeusi kwa makoti. Wao walikuwa wakienda mashariki na sisi magharibi, taratibu, kwa kuwa watoto walikuwa katikati ya njia. Wanaume waligusa kofia zao. Wanawake walitazama zetu. Merrigje aliwapungia mkono.

"Usipunge," nilimwambia.

"Nisipopunga ndiyo watajua."

"Kaa kama mtu anayekwenda kusali."

"Nakwenda kusali, wifi. Umenionaje?"

Hospitalini nesi aliyekuja na kisahani cha sindano alitutazama, kofia mbili nyeusi kando kando. "Mnakwenda harusini?" aliuliza.

"Msibani," Merrigje alisema.

"Pole. Wa nani?"

"Bado hatujaambiwa."

Nesi alicheka hadi ikabidi aweke sindano chini. Alimchoma mkono wa kushoto, juu, akamwambia mahali pale patavimba na kuwa pekundu na ngumu, huenda kwa wiki nyingi, na kwamba ndivyo inavyotakiwa. Merrigje hakuvua kofia. Alikaa nayo muda wote wa kuangaliwa, mikono mapajani, kama yuko kwenye kiti chake cha ibadani, na nilipomtazama midomo yake ilikuwa ikitembea.

Kile ambacho sikukitegemea ni hiki. Upande wa magharibi, baada ya kona ya kiwanda cha vyakula vya mifugo, ndiko waliko waliojitenga. Wana kanisa lao la matofali mapya na uwanja wa magari. Mgawanyiko ule ulitenganisha ndugu na ndugu, na majeraha yake hayajapona. Watu walipoona kofia mbili zikielekea magharibi saa ya ibada, hawakufikiria hospitali hata kidogo. Laiti tungekwenda vichwa wazi, wangesema maskini, amezidiwa. Kwa kuwa tulivaa kofia, walisema Verhoek wamehama.

Na kwa kuwa ni Merrigje, mshiriki wa Meza, halikuwa suala la foleni ya mikate tu. Mshiriki akihama kimyakimya, jina lake huondolewa. Ibada ya Meza ilikuwa karibu, na sindano zilizobaki zilikuwa karibu pia. Wiki hiyohiyo wazee wa kanisa walituma habari kwamba watakuja kumtembelea.

Walikuja wawili, kama ilivyo kawaida. Mzee Bastiaan Kooiman, mfugaji wa kuku, mtu mwenye sauti ya kujua. Na Mzee Evert, ambaye masikio yake yamechoka na huitikia kwa kichwa kila kitu. Nilikuwapo kwa sababu Merrigje aliniomba, na kwa sababu jina langu lilikuwa limetajwa pia. Huibert alikaa karibu na jiko la kupashia chumba joto. Kahawa ilimiminwa. Kopo la biskuti lilizunguka mara moja likafunikwa.

Merrigje alimimina kwa mkono wa kulia na birika likamtetemeka, kwa kuwa yeye hutumia wa kushoto. Nilimwona Mzee Bastiaan akilitazama birika, halafu mkono uliolala.

"Dada Merrigje," alianza, "Siku ya Maombi kiti chako kilikuwa kitupu."

"Kilikuwa kitupu, Mzee."

"Na cha Mwalimu pia. Mlionekana."

"Tulipunga mkono," Merrigje alisema. "Mkeo hakujibu. Nikadhani ana baridi."

"Mlikuwa mmevaa kwa ibada. Naomba jibu la wazi. Mmeanza kusali kule?"

Nikasema, "Mzee Bastiaan, tulikuwa na shughuli ya familia. Familia ya Verhoek imekuwa katika kanisa hili tangu lilipokuwa banda la mbao. Hilo linatosha kuwa jibu."

"Halitoshi, Mwalimu. Kwa heshima zote. Baraza linakutana Ijumaa, na kabla ya Meza lazima tujue."

Nilifahamu mara moja tumefika wapi. Tukinyamaza, angeondolewa mezani kwa kosa ambalo hakulifanya. Tukisema, angeweza kuondolewa kwa jambo alilolifanya, au aambiwe aliache katikati. Nilikuwa natafuta sentensi ya kupita kati ya hayo mawili, na ningeipata, lakini Merrigje alikwisha kuweka birika chini.

"Tulikwenda hospitali," alisema. "Nilichomwa chanjo."

Mzee Evert aliitikia kwa kichwa. Mzee Bastiaan hakuitikia. "Chanjo ya nini?"

"Ya saratani. Pamoja na dripu. Zimebaki nyingine."

"Na kofia?"

"Wifi aliona tusionekane."

Mzee Bastiaan alinigeukia. Nilimtazama machoni mpaka akaacha.

"Dada Merrigje, wewe ni mshiriki. Unajua msimamo wetu juu ya chanjo."

"Naujua. Mzima asijikinge. Mimi si mzima, Mzee. Daktari amesema mzima haimsaidii chochote. Ukichomwa wewe leo, utavimba mkono bure."

"Jina lake ni lilelile."

"Mkeo anajichoma tumboni kila asubuhi kwa ajili ya sukari. Hatujamtoa mahali."

"Ile ni dawa."

"Na mimi naumwa. Kwa hiyo na hii ni nini?" Akaongeza, kwa sauti yake ya kuongea na mayai, "Na kuku wako, Mzee Bastiaan. Banda zima. Nani aliyewachanja?"

"Sheria inadai. Tena kuku hana roho ya milele."

"Mnashukuru tu kuku hawezi kuwa mzee wa kanisa," Huibert alisema ndani ya kikombe chake. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema jioni ile. Mzee Evert alicheka, jambo lililonifanya nianze kuyafikiria upya masikio yake.

Mzee Bastiaan si mtu mjinga. Tatizo lake si hilo. Alisema hatimaye kwamba suala la tiba atalifikisha kwa mchungaji na baraza kama alivyolisikia, na kwamba yeye mwenyewe anaona lina uzito. Tungeweza kuishia hapo. Lakini alizungusha kikombe kwenye kisahani, akasema, "Lipo lingine. Binti yangu amesomea unesi. Ananiambia saratani ya aina hii haiji hivihivi. Ina mahali inapotoka. Kwa mshiriki wa Meza, baraza lina haki ya kuuliza maisha..."

Merrigje alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Nilimtazama Huibert. Huibert alikuwa akitazama chini ya kikombe chake kitupu kana kwamba kuna maandishi.

Nilisimama. Nilikwenda ukumbini, nikaleta makoti mawili na kofia mbili, nikampa Mzee Bastiaan lake kwanza.

"Mwalimu, sijamaliza."

"Umemaliza," nilimwambia. "Umekuja kuuliza kama tumehama kanisa, umejibiwa. Umeuliza mkono wake umefanya nini, umejibiwa pia, zaidi ya ulivyostahili. Swali hilo la tatu hata daktari hana kipimo chake, na yeye ana maabara. Ukilipeleka kwenye baraza, nami nitakuja kwenye baraza, na nitataka kila aliyeketi pale alijibu kwanza juu ya nyumba yake, mmoja mmoja, mbele ya mchungaji. Nitaanza kushoto."

Alivaa koti. Mzee Evert alimshika Merrigje mkono, ule mzima, akasema kahawa ilikuwa nzuri.

Sijui kilichosemwa Ijumaa ile. Nimejaribu kujua na sikufaulu, na hilo lenyewe linanipa shaka, maana katika kijiji hiki hakuna kisichovuja ila kile ambacho watu wawili wameahidiana. Jumatatu mchungaji alikuja mwenyewe. Alimwambia Merrigje kwamba tiba ni tiba, aendelee nayo hadi mwisho, na kwamba mahali pake mezani ni palepale. Swali la tatu hakulitaja. Naamini kuna mtu aliyelizuia lisifike mezani kwao, na nina mzee mmoja ninayemdhania, ila siwezi kuthibitisha.

Jumapili ya Meza nilikaa mahali pangu nikitazama. Mimi si mshiriki. Hilo ni langu na Mungu. Merrigje alisimama akapita kati ya viti, mkono wa kushoto ukiwa umekaa mbali kidogo na mwili kwa uvimbe, na kwa kuwa sasa kila mtu alijua, macho yote yalikuwa kwenye ule mkono. Kwenye benchi la mezani Neeltje alikuwa ameshatangulia, na mkoba wake ulikuwa kwenye nafasi iliyobaki. Merrigje alisimama akangoja. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyopasa. Halafu Neeltje alichukua mkoba akauweka mapajani, na Merrigje akakaa.

Alimaliza dripu zote na sindano zote. Nywele zilimtoka, akavaa kofia hata jikoni. Picha za hospitali za kiangazi zilionyesha tezi zimerudi kuwa ndogo, isipokuwa moja ambayo bado wanaitazama. Nilimwuliza daktari Roelofsen ni kipi kilichofanya kazi, dripu au chanjo. Alisema kwa mtu mmoja haiwezekani kujua, wanahitaji wanawake wengi na miaka, na kwamba tezi ile moja haimpi ruhusa ya kufurahi bado. Nilimwuliza mara ya pili kwa namna nyingine akajibu vilevile. Tangu hapo nimepunguza kumshuku. Sijaacha.

Merrigje amerudi kwenye mayai, nusu siku. Huibert haendi tena Ujerumani. Anasambaza hapahapa mkoani na jioni yuko nyumbani. Watu wamelitia maana hilo nalo. Ni mgongo wake, na kama si mgongo, si jambo la watu.

Wiki iliyopita, nikiwa kwa Merrigje, Neeltje aliniita kutoka upande wa pili wa ua, kitambaa cha dirisha mkononi. Alisema anamwona Merrigje amepata rangi, anamshukuru Mungu. Nikasema asante. Alikunja kitambaa akakikunjua.

"Na kile kirusi, Mwalimu," alisema. "Walishajua kilitoka wapi?"

Nilimjibu kwamba yote ambayo familia ya Verhoek inakusudia kusema imekwisha kusemwa, na nikaingia ndani. Huo ndio mwisho wa habari hii kwa upande wangu. Sitaulizwa tena, na nikiulizwa sitajibu.